Bustani ya Nyumbani Dodoma: Mboga, Maua na Wageni wa Kila Msimu

Mvua ya kwanza ikishapiga, mara nyingi kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, jioni yake kumbikumbi hutoka ardhini na kuzunguka taa ya barazani. Watoto hukimbilia beseni, kuku huamka, na kesho yake alfajiri ua mzima umejaa ndege. Wengi wetu hapo ndipo tunapokumbuka jembe. Naomba uanze mapema zaidi. Bustani ya Dodoma huanza Septemba, ukiwa umesimama kwenye vumbi na ndoo mkononi, unahesabu maji.

Nasema hivi kwa sababu maelekezo mengi ya bustani yanayosambaa yanawafaa watu wa Arusha au Lushoto, wenye vuli na masika. Sisi wa kanda ya kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, takriban milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, kuanzia Desemba hadi Machi au mwanzoni mwa Aprili. Tena katikati yake, hasa Februari, mvua hupenda kukata wiki mbili au tatu. Ukipanda kwa kalenda ya mtu wa Lushoto, utalaumu mbegu bure.

Kwa hiyo ninaugawa mwaka wangu mara tatu: kifuku, yaani miezi ya mvua, kipupwe, Mei hadi Agosti, wakati wa baridi na upepo, na joto, Septemba hadi mvua irudi. Kila kipindi kina mboga zake, maua yake na viumbe vyake. Lakini kabla ya kupanda chochote kuna kazi tatu za kufanya kwanza.

Hatua ya kwanza: hesabu maji

Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 3 linahitaji karibu ndoo moja ya lita 20 kwa siku wakati wa joto. Kipindi cha kipupwe lita 12 hadi 15 zinatosha, na kifuku mvua ikienda vizuri humwagilii kabisa. Sasa angalia nyumbani kwako. Siku za mgao unabaki na ndoo ngapi baada ya kupika, kuoga na kufua? Zikibaki mbili, basi una matuta mawili, hata kama kiwanja chako kina nafasi ya ishirini. Matuta mawili yaliyoshiba maji hulisha familia. Matuta sita yenye kiu hulisha wadudu.

Kisha hesabu bati. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 60, kwa mvua ya milimita 550, linapokea lita 33,000 kwa msimu, na ukiweka mifereji mizuri unaweza kukinga sehemu kubwa ya hizo. Tanki la lita 5,000 litajaa na kumwagika mara kadhaa kabla ya Aprili, kwa hiyo yanayomwagika yaelekeze kwenye miti ya matunda. Mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe vumbi la miezi minane na kinyesi cha ndege juu ya bati. Tanki lifunikwe vizuri, la sivyo unafuga mbu.

Maji ya kuoshea mboga na mchele yaende bustanini moja kwa moja. Maji ya kufulia mimi hupeleka kwenye miti na maua tu, na sipeleki sehemu ileile kila siku, kwa sababu sabuni ya unga huacha chumvi kwenye udongo. Chumvi ni jambo la kuangaliwa sana hapa kwetu. Visima vingi vya Dodoma vina maji ya chumvi, na ukiona utando mweupe juu ya tuta baada ya kukauka, umeshapata jibu. Maharage, karoti na vitunguu huumia haraka. Spinachi huvumilia zaidi, na mchicha nao haulalamiki sana. Kama huna maji mengine, mwagilia mengi kwa siku chache badala ya kidogokidogo kila siku, ili chumvi ishuke chini ya mizizi, na acha mvua za kifuku zisafishe udongo.

Hatua ya pili: kisome kiwanja

Tumia siku nzima moja kuangalia tu. Jua linapiga wapi saa nane mchana? Upepo unatokea wapi? Kiangazi upepo wetu mwingi hutoka mashariki na kusini mashariki, na kati ya Juni na Oktoba unaweza kukausha mche wa nyanya kwa saa chache. Upande huo panda mstari wa mbaazi Desemba. Ukifika Mei mbaazi zimesimama kama ukuta, zimejaa maua ya njano na nyuki, na Julai au Agosti unachuma. Kinga ya upepo, chakula cha nyuki na kitoweo, vyote kwa mbegu za konzi moja.

Halafu, kama kiwanja ni kipya, usimruhusu mwenye trekta afagie kila kitu. Hili linaniuma kila ninapopita kwenye vitalu vipya vya viwanja pembezoni mwa mji. Vile visiki vya mgunga na mkole vinavyoonekana vimekufa vina mizizi mirefu iliyo hai. Chagua machipukizi matatu hadi matano yenye nguvu, kata mengine, yafunge yaende juu, na ndani ya miaka michache una kivuli bila kumwagilia hata kikombe. Ndiyo njia ambayo mradi wa Kisiki Hai wa LEAD Foundation umekuwa ukiwafundisha wakulima wa vijiji vya mkoa huu, na inafaa sana kwa ua wa nyumba. Matunda ya mkole wanayapenda watoto na ndege pia.

Uzio ni lazima, kwa sababu mbuzi wa jirani hana mpaka. Mnyaa huota kwa kuchomeka tawi tu na haudai maji. Angalizo: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kubwa, kwa hiyo usipande karibu na wanapochezea watoto, na unapokata vaa glovu na ukinge macho.

Hatua ya tatu: tuta lililozama

Picha nyingi za bustani huonyesha matuta yaliyoinuliwa. Hapa kwetu, kwenye udongo mwekundu wa kichanga, tuta la kuinuka linakauka kabla hujarudisha ndoo. Chimba tuta lizame.

Pima mita 1 kwa 3, usizidishe upana, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Ondoa udongo wa juu, ule wenye rangi iliyoiva, uweke upande mmoja. Endelea hadi sentimita 60 kwenda chini, udongo wa chini uweke upande mwingine. Legeza sakafu kwa sururu. Tandika mabua ya mtama, majani makavu na maganda ya jikoni, unene wa kiganja, mwagilia mpaka viloane kabisa, halafu rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi ya mbuzi au ng'ombe iliyooza, debe tatu au nne kwa tuta. Samadi mbichi inaunguza miche na inaleta magugu. Ukimaliza, uso wa tuta uwe chini ya usawa wa ardhi kwa sentimita 15 hivi. Ule udongo wa chini uliobaki ufanye kingo ya kuzunguka.

Mwisho funika kwa matandazo, nyasi kavu au mabua yaliyokatwakatwa. Mchwa watakuja, hilo halikwepeki. Weka matandazo mbali kidogo na shina, upana wa vidole vitatu, na kagua kila wiki.

Kama udongo wako ni mfinyanzi mweusi unaotuamisha maji, kifuku tuta hili litageuka bwawa. Wewe fanya matuta ya kawaida miezi ya mvua, uzamishe kipupwe.

Kifuku: Desemba hadi Aprili

Usipande kwa mvua ya kwanza. Chimba kwa mkono au panga: udongo ukiwa umeloana hadi sentimita 15 au 20, panda. Ukiwa umeloana juu tu, subiri. Mvua ya Desemba ina tabia ya kutuonjesha na kuondoka.

Huu ni msimu wa mboga za asili na siyo nyanya. Nyanya za kifuku hupigwa na ugonjwa wa bakajani, na utatumia fedha ya dawa kuliko ya kununua sokoni. Panda kunde, maboga, bamia, mgagani, njugu mawe kama una nafasi. Kunde unaanza kuchuma majani baada ya wiki tatu au nne. Bamia hutoa baada ya siku 50 hadi 60, panda kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 30 kati ya mashina, na chuma kila baada ya siku mbili kabla hazijakomaa. Maboga yaache yatambae pembeni, nje ya matuta.

Na mlenda. Mlenda haupandwi kwa wengi wetu, huota wenyewe Januari, na hapo ndipo kosa hufanyika: kijana wa kulima anapewa jembe na kuambiwa asafishe magugu. Jifunze kuutambua kabla hujapalilia. Bibi yangu kule Mpwapwa aliacha kona moja ya shamba bila kuigusa mpaka mlenda umwage mbegu, na mwaka unaofuata ukaota palepale mzito zaidi. Wagogo wanauita ilende, na unga wake mkavu ndio umevusha nyumba nyingi miezi ya njaa. Nami nina kona yangu, hatua nne kwa nne, na siruhusu mtu aiguse hadi Aprili.

Mvua ikikata Februari, matandazo ndiyo yatakayokuokoa. Usikimbilie kumwagilia kila kitu. Okoa bamia na miche ya miti. Kunde na mlenda vitavumilia.

Mwezi wa Machi, huku mvua ikiendelea, andaa kitalu cha nyanya, vitunguu, kabichi na chainizi kwa ajili ya kipupwe. Mwaga mbegu kwenye mistari, funika kwa nyasi kavu, na mbegu zikichomoza tu ondoa nyasi na badala yake weka kichanja cha kivuli. Miche ya nyanya huwa tayari baada ya wiki nne au tano, vitunguu wiki sita hadi nane.

Kipupwe: Mei hadi Agosti

Hii ndiyo miezi mizuri kuliko yote ya mboga Dodoma, na cha ajabu ndiyo miezi ambayo bustani nyingi zimetelekezwa kwa sababu mvua imeondoka. Usiku kuna ubaridi, Juni na Julai tunatoa masweta, magonjwa ya ukungu yamepungua, na kila ndoo ya maji inadumu zaidi. Kama una nguvu ya msimu mmoja tu, chagua huu.

Hamisha nyanya jioni, sentimita 60 kwa 50, ukizika shina hadi karibu na majani ya kwanza. Simika mti kila shina na ufunge. Chini ya kila mche mimi huchomeka chupa ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kifuniko chake kikiwa na tundu dogo la sindano. Maji yanashuka taratibu penye mizizi, na upepo hauyapati. Mtungi wa udongo usio na rangi, ukizikwa hadi shingoni katikati ya tuta na kujazwa maji, hufanya kazi hiyo hiyo kwa tuta zima: maji hupenya kwenye kuta zake kadiri udongo unavyokauka. Funika mdomo wake.

Chainizi utachuma baada ya wiki nne hadi sita, mchicha wiki tatu au nne. Mchicha mwage kidogo kila baada ya wiki mbili, la sivyo utakula mchicha wiki moja na kukaa mwezi bila. Karoti panda moja kwa moja, hazipendi kuhamishwa. Vitunguu vilivyohamishwa Mei vinavunwa Agosti au Septemba. Majani yakianza kulala, acha kumwagilia.

Tatizo kubwa la kipupwe ni vidukari. Utawaona wamejikusanya chini ya majani ya chainizi na kwenye ncha za kunde. Chukua kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni, rudia baada ya siku tatu. Lakini kabla hujanyunyiza, angalia kwanza kama wale wadudu wadogo wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, wameshafika. Wao na watoto wao hula vidukari mchana kutwa. Wakiwapo, wape siku nne. Mara nyingi hutalazimika kufanya lolote.

Kwenye nyanya kuna kantangaze, nondo mdogo ambaye kiwavi chake hutoboa ndani ya jani na kuacha michirizi mieupe kisha huingia kwenye tunda. Chuma jani lenye mchirizi siku hiyohiyo ulichome, usilitupe pembeni. Kitalu kifunikwe kwa neti tangu siku ya kwanza.

Joto: Septemba hadi Novemba

Punguza. Acha matuta mengine yapumzike chini ya matandazo mazito, na tunza moja au mawili yaliyo karibu na jikoni. Jenga kichanja cha miti minne na utandike mabua ya uwele yaliyopangwa kwa nafasi, ili nusu ya jua ipite. Chini yake mchicha, spinachi na sukuma wiki zitaendelea. Mwagilia kabla jua halijachomoza. Utitiri mwekundu, ambao huleta utando mwembamba chini ya majani na kuyafanya yawe ya shaba, hupenda vumbi na ukavu, hivyo unapomwagilia osha pia chini ya majani.

Mlonge ndio mboga ya miezi hii. Unaota kwa mbegu au kwa fimbo, ukishashika hauhitaji uangalizi, na unapoukata kwa urefu wa mita moja hurudi na majani mengi laini. Pia huu ndio wakati wa kuchimba matuta mapya, kukusanya samadi, kuzibua mifereji ya bati na kuchimba mashimo ya mipapai: sentimita 60 kila upande, miche mitatu kwa shimo. Ikitoa maua utatambua dume na jike, ng'oa madume uache mmoja tu kwa bustani nzima.

Maua

Watu huniuliza kwa nini nipoteze maji kwa maua wakati mboga zinataka. Jibu langu ni kwamba maua mengi ya hapa hayadai maji, na yanayodai yanalipa.

Yasiyodai ni bogenvilia, alovera na waridi la jangwa. Bogenvilia ukiimwagilia sana itakupa majani tu. Inachanua vizuri ikiwa na kiu kidogo. Waridi la jangwa lina shina nene la kuhifadhi maji na maua ya waridi yanayotoka kiangazi. Utomvu wake ni sumu, usiguse kisha ukala. Alovera na jamii zake huchanua hasa miezi ya baridi, wakati porini hakuna kitu, na hapo ndipo chozi anapokuja. Ni ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, dume likiwa linang'aa kijani na rangi nyingine juani. Panda alovera tano karibu na dirisha la jikoni na Juni utakuwa na chozi kila asubuhi.

Yanayolipa ni mrehani na alizeti, na zinia kama utapata mbegu. Panda mrehani mwishoni mwa kila tuta uache uchanue. Nyuki wakiujia, watapita pia kwenye maboga na matango yako. Boga lina maua dume na maua jike. Jike lina kiboga kidogo chini yake, na bila nyuki kubeba chavua kile kiboga hugeuka njano na kuanguka. Nililijua hili kwa uchungu. Mwaka mmoja muuzaji wa pembejeo aliniuzia dawa kali ya wadudu na kuniambia ninyunyize asubuhi. Nikafanya hivyo saa mbili, maua yakiwa wazi. Nilikuta nyuki wamelala chini, na sikupata boga hata moja kwa wiki tano. Tangu hapo, hata dawa ya asili nanyunyiza jioni tu, wala sielekezi kwenye ua.

Ukikosa nyuki, chuma ua dume asubuhi, ondoa petali zake, paka chavua katikati ya ua jike. Inachukua dakika moja.

Mijakaranda inachanua Oktoba na Novemba, mikrismasi inafuata na wekundu wake kuelekea Desemba. Ni miti mizuri barabarani, lakini kwenye kiwanja kidogo mizizi na majani yake yatakunyima tuta. Ukiwa na mbuyu kwenye kiwanja, umebarikiwa. Maua yake meupe makubwa hufunguka jioni kabla na karibu na mvua, popo huja kuyanyonya usiku, asubuhi yameanguka chini. Watu hufagia bila kujua kwamba bila wale popo kusingekuwa na ubuyu.

Wageni wa bustani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo bustani nyingi zinapoharibiwa na hofu.

Kinyonga hana sumu. Mjusi kafiri hana sumu. Wote wawili hula wadudu. Najua mafundisho tuliyokuzwa nayo, na najua watoto wanavyomrushia kinyonga mawe, lakini mkalishe mtoto amwangalie kinyonga akikamata nzi kwa ulimi, hatarusha jiwe tena. Bundi naye anaitwa mkosi, ilhali panya wanaokata miche yako usiku ndio chakula chake. Kwangu kuna bundi weupe wawili kwenye mkwaju wa jirani, na mzee mwenye mkwaju huo aliwahi kuniuliza kama niko tayari auchome. Nilimwomba, "Mzee wangu, tuangalie kwanza msimu mmoja." Tukaangalia. Mahindi yake ya ghalani mwaka ule yalitobolewa kidogo kuliko kawaida, na mkwaju bado umesimama.

Vyura hutokea na mvua ya kwanza. Waachie beseni lililozikwa kivulini, lenye mawe ya kupandia. Maji yake badilisha kila baada ya siku mbili au tatu, ili mbu wasipate muda wa kukua. Beseni hilohilo kiangazi litanyweshea tetere na mnana. Kwa nyuki weka chombo cha peke yake, kokoto zikiwa zimejitokeza juu ya maji, mbali na mlango na bomba. Miezi ya joto nyuki hutafuta maji kila mahali, na bila sehemu yao watahamia jikoni kwako. Wakijenga kundi karibu na nyumba, usiwachome moto. Muite mfugaji nyuki.

Utawaona pia kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cheusi na shingo ya njano, wakiruka kwa makundi na kelele. Asili yao ni Tanzania, na matundu ya mibuyu ndiyo nyumba zao. Wanakula mbegu na mara nyingine watapita kwenye uwele wako. Wafukuze kwa kelele, usiwatege wala kuwafuga. Kukamata wanyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na hiyo inamhusu pia kobe anayepita uani kwako wakati wa mvua. Oktoba au Novemba mbayuwayu kutoka Ulaya wanafika, na wakiondoka Aprili unajua ni wakati wa kuhamisha miche.

Kuzumburu, yule wa kijivu mwenye mkia mrefu, ni adui wa papai na zabibu. Vuna papai likianza tu mistari ya njano uliivishe ndani, na zabibu zivike mifuko ya karatasi. Ukitumia wavu wa ndege, uvute ukazane. Wavu uliolegea hunasa ndege na mijusi, nao hufa polepole humo ndani.

Nyoka wapo, tusidanganyane. Swila na bafe hufuata panya na vyura. Weka mita mbili kuzunguka nyumba zikiwa wazi, rundo la kuni na mawe liwe mbali na mlango, usiingize mkono chini ya matandazo bila kuyafunua kwa fimbo, na usiku tumia tochi na viatu vilivyofunika mguu. Nge nao hupenda chini ya mawe. Mtu akiumwa na nyoka, apelekwe hospitali mara moja, asichanjwe wala kufungwa kamba ya kukaza.

Dawa ya asili inayofaa kwa viwavi na inzi weupe ni mbegu za muarobaini. Twanga gramu 50 za mbegu kavu kwa kila lita ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza tone la sabuni, nyunyiza jioni. Itumie siku hiyohiyo. Ukilazimika kununua dawa ya dukani, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uziheshimu.

Mzabibu mmoja mlangoni

Nyumba ya Dodoma bila mzabibu naiona pungufu. Kichanja kimoja cha mita tatu kwa tatu kinatosha, na kinakupa kivuli cha kukalia. Panda kipande cha tawi kilichootesha mizizi, shimo la sentimita 60, samadi debe mbili. Mavuno ya kwanza yanakuja baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Hapa kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, kuzunguka Machi na kuzunguka Agosti hadi Septemba, na siri iko kwenye kupogoa: zabibu huiva takriban miezi minne baada ya kukatwa. Ukipogoa Aprili au Mei mwanzoni unavuna katika ukavu, zabibu tamu na safi. Zile za Machi hukutana na mvua na ukungu, zichumwe mapema. Katika kila tawi lililozaa bakiza macho, yaani vitumba vya kuchipua, mawili au matatu.

Kukausha na kutunza mbegu

Machi na Aprili majani ya kunde, maboga na mlenda ni mengi kuliko mnavyoweza kula. Majani ya kunde yachemshe dakika chache, yachuje, yaanike kivulini penye upepo juu ya mkeka au neti, siyo juani moja kwa moja, yasipoteze rangi. Mlenda unaanikwa mbichi kisha unatwangwa. Yakivunjika kwa vidole, yako tayari. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha hewa, mbali na sakafu. Novemba, wakati sokoni Majengo fungu la mchicha limepanda bei, utaungia karanga kile ulichokausha.

Kwa mbegu, chagua shina bora tangu likiwa shambani na ulifunge kitambaa chekundu, ili mtu asichume. Bamia na kunde zikaukie kwenye shina. Mbegu za nyanya ziloweke siku mbili katika maji yake, zioshe, zianike juu ya sahani. Weka kila aina kwenye chupa yake kavu pamoja na kijiko cha majivu makavu, andika jina na mwezi uliovuna, kisha ziweke juu ya kabati chumbani, ambako joto la bati halifiki.